SULTANI BARGHASH: MKALI ALIYETULETEA TAARAB

Wadau, hapa Bariadi tumekulia ngoma za Bagika na Bagalu, ila leo nawapeleka Unguja. Barghash bin Said alitawala Zanzibar 1870 hadi 1888, na neno lake ndio ilikuwa sheria. Jamaa alipenda mambo makubwa: alivuta maji mjini, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na inasemekana alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze muziki. Taarab hiyooo!

Lakini pesa ilitoka kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa. Soko lao alilifunga 1873 kwa kubanwa na Waingereza. Mashambani utumwa uliendelea. Mimi taarab naipenda, ila sifa nampa nusu. Nusu nyingine nawapa wachuma karafuu ambao majina yao hatuyajui.

Nyie mnasemaje?