Julius Sachs na Mahindi Yaliyoota Bila Udongo

Julius Sachs alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1832 katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa katika ufalme wa Prussia. Siku hizi mji huo huitwa Wrocław, nao umo nchini Polandi. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga picha za kuchapishwa. Alimfundisha mwanawe kuchora, na kijana akapenda kuchora maua na uyoga.

Mwaka 1848 baba alifariki. Mwaka uliofuata kipindupindu kilimwua mama yake na ndugu yake mmoja. Julius akabaki yatima asiye na fedha. Mwanasayansi Jan Purkyně, aliyeifahamu familia hiyo, alimchukua mjini Prague ili awe msaidizi wake na kumchorea picha za kisayansi. Huko Julius alisoma chuo kikuu, na mwaka 1856 akapata shahada ya udaktari.

Siku zile wataalamu walibishana juu ya chakula cha mimea. Wengi walikuwa wameamini kwamba mimea hula mboji. Mkemia Justus von Liebig alikuwa amepinga jambo hilo tangu mwaka 1840, akidai kwamba mizizi huhitaji madini. Lakini udongo una vitu vingi vilivyochanganyika. Ungejuaje ni kipi hasa kinachoulisha mmea? Sachs aliamua kuuondoa udongo kabisa.

Alifanya kazi hiyo katika chuo cha Tharandt, Ujerumani. Aliotesha mbegu katika unga wa mbao wenye unyevu. Kisha aliupitisha mche katika tundu la kizibo, mizizi ikaning'inia ndani ya chupa ya maji. Katika lita 1 ya maji alitia gramu 1 ya naitreti ya potasiamu, nusu gramu ya fosfeti ya kalsiamu, nusu gramu ya salfeti ya magnesiamu, nusu gramu ya salfeti ya kalsiamu, robo gramu ya chumvi ya mezani, na chembe chache za chumvi ya chuma. Mahindi yakarefuka, yakachanua, yakazaa punje. Hapakuwa na mboji hata kidogo. Sachs alitangaza matokeo hayo mwaka 1860. Karibu wakati huohuo Mjerumani mwingine, Wilhelm Knop, alifanikiwa kwa njia kama hiyo.

Angalia vipimo vile: chumvi zote pamoja hazifiki gramu 3, yaani kama nusu ya kijiko cha chai. Kwa nini hakutia nyingi, mahindi yashibe? Nyunyiza chumvi juu ya vitunguu vya kachumbari, nawe utaona maji yakitoka ndani yake. Mizizi nayo hupatwa na jambo hilo. Maji ya chupa yakikolea chumvi kupita kiasi, huyavuta maji yaliyo ndani ya mizizi, na majani hunyauka ingawa mmea umesimama majini! Chumvi zikiwa haba mno, mmea hudumaa na majani hufifia. Tena siku ya jua kali mmea hunywa maji upesi kuliko chumvi, hivyo yanayobaki huzidi kukolea. Dawa yake ni kuongeza maji matupu, na kila baada ya muda kumwaga yote na kuchanganya mapya.

Sachs alionyesha pia umuhimu wa zile chembe za chuma. Alipoziacha, majani mapya ya mahindi yalitoka meupe. Alipotia chuma, yakawa ya kijani baada ya siku chache.

Baadaye alitumia iodini kuonyesha kwamba wanga hutengenezwa katika majani yanayopata mwanga, jaribio ambalo wanafunzi hulifanya hadi leo. Tangu mwaka 1868 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Würzburg, na huko alifariki tarehe 29 Mei 1897.

Leo wako wakulima wanaopanda nyanya na mboga majini bila udongo. Wao huchovya kipimo cha umeme katika tangi, kwa kuwa maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi. Kipimo kikipanda mno, huongeza maji. Kikishuka, huongeza chumvi.