Hasan bin Sulaiman, mufalme wa Kilwa aliyegeuza dhahabu kuwa kuta

Huku kwetu Vuhovi, muchimbaji akipata gramu za maana, jambo la kwanza analowaza ni nyumba. Ile ya miti na potopoto imechoka, mvua inaikula kila mwaka. Basi anakaa na mama wa nyumba, wanaanza hesabu: mifuko ya simenti mingapi kutoka Kasindi, bene za muchanga ngapi, mawe ya musingi kiasi gani, masoni atalipwa namna gani. Mara nyingi dhahabu inaisha mbele nyumba haijafika kwenye linto.

Leo tunawasimulia maisha ya mutu aliyepiga hesabu hiyo hiyo, karibu miaka 700 iliyopita. Yeye hakuwa muchimbaji, alikuwa mufalme. Lakini mali aliyojengea ilitoka mu mashimo ya wachimbaji ambao hakuwaona hata siku moja.

Jina lake ni al-Hasan bin Sulaiman. Alitawala Kilwa Kisiwani, kisiwa kidogo kusini mwa Tanzania ya leo. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ukoo ambao babu yake, al-Hasan bin Talut, aliuingiza kwenye utawala karibu mwaka 1277. Habari za Kilwa za zamani zinaeleza kwamba akiwa kijana alifunga safari kwenda kuhiji Maka, akakaa Adeni karibu miaka 2 akisoma dini. Angali huko, baba yake akafariki. Ndugu yake Daud akashika kiti. Hasan aliporudi, Daud hakumupinga, akamwachia. Ni nadra ndugu kuachiana kiti bila vita, wala zamani wala leo. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 1310.

Utajiri wa Kilwa ulikuwa na muzizi mumoja mukubwa: dhahabu. Bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, watu walichimba mashimo na kuosha muchanga wa mito, kama vile nyie munavyofanya. Dhahabu ilibebwa kwa mabega mpaka Sofala, kwenye bahari ya Musumbiji ya leo. Kutoka Sofala ikapanda mashua kwenda kaskazini. Kilwa ilikuwa imeshika mulango wa njia hiyo na ilitoza kodi mali iliyopita. Vitambaa na shanga zikashuka kusini, dhahabu na pembe zikapanda. Sarafu moja ya shaba yenye jina la Hasan imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, mbali sana na bahari. Kumbe jina la mufalme lilifika karibu na mashimo, hata kama mwenyewe hakufika.

Basi Hasan akaanza kujenga. Nje kidogo ya muji, juu ya jabali linaloangalia bahari, alisimamisha jumba linaloitwa leo Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, ua nyuma ya ua, magala ya mali, na kisima cha kuogea chenye pande 8. Wachunguzi waliochimbua pale mu miaka ya 1960 walipata jiwe limechongwa jina lake. Halafu akauongeza musikiti mukubwa wa Ijumaa, akautia nguzo na matao na chumba chenye kuba.

Sasa utauliza: alijenga na nini, na simenti ilikuwa haijakuwako? Ni kweli. Simenti ya Portland, ile ya mifuko yetu, iliandikishwa Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin. Lakini betoni yenyewe iko ya zamani kuliko simenti. Betoni ni mawe madogo na muchanga vikishikwa pamoja na kitu kinachogeuka jiwe. Wakati wa Hasan, kitu hicho kilikuwa chokaa.

Waliipata namna hii. Walikusanya mawe ya matumbawe kutoka baharini, wakayapanga juu ya lundo kubwa la kuni, wakawasha. Moto mukali unatoa hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, linabaki jepesi na jeupe. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kupasuka kuwa unga. Chokaa hiyo waliiacha ikae, hata miezi, ndipo wakaichanganya na muchanga na vipande vya matumbawe. Ikiisha kumwagwa, chokaa inaanza kurudisha ile hewa iliyopoteza kwenye moto, na polepole inarudi kuwa jiwe. Polepole sana, kutoka nje kwenda ndani. Ukuta munene unaweza kukaa miaka mbele moyo wake haujakaza.

Simenti inafanya kazi kwa njia nyingine. Watu wengi wanasema simenti inakauka. Hapana. Simenti inakula maji, na kwa kuyala ndiyo inakaza. Ndiyo sababu inakaza hata chini ya maji. Na ndiyo sababu betoni ikiachwa mu jua kali siku ya kwanza inabaki dhaifu: imenyimwa chakula. Inyeshewe maji au ifunikwe majani mabichi siku 7. Nguvu yake masoni anaihesabia siku ya 28, haiko kesho yake asubuhi.

Tatizo kubwa la mafundi wa Kilwa lilikuwa dari. Nyumba zao zilifunikwa kwa boriti za mikoko, halafu betoni ya chokaa juu yake. Boriti ya mukoko haina urefu mwingi, kwa hiyo chumba hakikuweza kupita karibu metre 3 za upana. Hata nyumba ya tajiri ilikuwa ndefu na nyembamba. Mufalme alitaka kupita kipimo hicho. Ndipo mafundi wake wakajenga kuba: wakasimamisha umbo la miti, wakamwaga betoni juu yake, wakangoja ikaze, halafu wakatoa miti.

Hapa tunafika kwenye tabia ya betoni ambayo kila mwenye nyumba inafaa aijue. Betoni inapenda kukandamizwa, haipendi kuvutwa. Ukiiwekea uzito juu, inavumilia ajabu. Ukiivuta au kuipinda, nguvu inayobaki ni kama sehemu 1 kwa 10. Kuba ni dawa ya jambo hilo, juu umbo lake la muviringo linageuza sehemu kubwa ya uzito kuwa mukandamizo, unashuka mpaka kwenye kuta. Sisi leo tunatia vyuma: vyuma vinashika pale betoni inapovutwa. Dali ya nyumba bila vyuma, au yenye vyuma vilivyowekwa juu pahali pa chini, iko inangoja siku yake.

Kazi ya Hasan nayo haikusimama yote. Sehemu aliyoongeza kwenye musikiti ilibomoka, ikakaa hivyo muda murefu. Katika karne ya 15 Sultani Sulaiman bin Muhammad aliijenga tena, na mengi tunayoona leo ni ya mikono ya wakati huo. Mufalme mwenye dhahabu yote ya Sofala alibomokewa. Sisi wenye gramu 3 tusizarau hesabu.

Mwaka 1331 musafiri maarufu Ibn Battuta, mutoto wa Tangier kule Moroko, alifika Kilwa. Aliandika kwamba nyumba za muji zilikuwa za miti. Watu walimwita mufalme Abu al-Mawahib, maana yake baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, mufalme akitoka kusali, masikini mumoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa. Mufalme akaingia nyumba ya karibu, akabadili, akamupa. Mutoto wake akazikomboa zile nguo kwa kumulipa masikini watumwa 10. Mufalme aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe.

Wakati ule watu walisifu. Sisi tukisoma leo, roho inasimama kwenye hesabu ya watu 20. Hao nao walikuwa na mama zao. Ukarimu wa mufalme ulilipwa kwa maisha ya wengine, na jumba lake pia: jasho la mwenye shimo, la mubeba mizigo, la mwenye kuchoma matumbawe.

Hasan alifariki karibu mwaka 1333. Daud akashika kiti tena. Inasemekana huyu hakugawa kitu; akiombwa alijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Jumba la Husuni Kubwa halikumalizika kabisa, na halikukaliwa muda murefu. Leo ni magofu, na tangu mwaka 1981 UNESCO imeyaandika kati ya urithi wa dunia.

Dhahabu yenyewe iko wapi? Ilipita, kama inavyopita Butembo kila siku. Kilichobaki Kilwa ni kile kilichogeuzwa kuwa ukuta. Ndiyo maana tunasema na muchimbaji wa Vuhovi: gramu ikikuponyoka kwa pombe na deni, hutaiona tena. Ikiingia kwenye musingi, watoto wataikuta. Lakini iingie vizuri. Muchanga wako utie mu chupa na maji, tikisa, acha utulie. Ukiona udongo mwingi umelala juu, muchanga huo osha au acha, juu udongo unazuia simenti isishike. Kwa betoni yenye vyuma hesabu ndoo 1 ya simenti, 2 za muchanga, 3 za graviye. Kwa mufuko wa kilo 50, maji litre 25 hivi, yaani bido moja ya 20 na kidogo juu. Muchanga ukiwa na maji tayari, punguza. Betoni laini kama uji inamupendeza mwenye kumwaga, lakini maji yaliyozidi yakitoka yanaacha vitundu, na nyumba inakuwa dhaifu.

Jina la Hasan tunalijua kwa sababu lilichongwa kwenye jiwe. Majina ya waliochimba dhahabu yake hakuna aliyeyaandika. Nyumba yako ikisimama, andika tarehe na majina yenu juu ya mulango, la baba na la mama, mbele betoni haijakaza.