John Akii-Bua, Mshindi wa Njia ya Ndani

Ukivuka mto Lubiriha hapa Kasindi, umekwisha ingia nchi ya Uganda. Mbali upande wa kaskazini wa nchi hiyo, kwa Walango, alizaliwa John Akii-Bua, tarehe 3 Desemba 1949. Baba yake alikuwa na wake wengi na watoto zaidi ya 40. Katika utoto wake John alichunga ng'ombe. Alipokua aliingia kazi ya polisi, na huko mbio zake zikajulikana.

Mwalimu wake alikuwa Mwingereza, jina lake Malcolm Arnold. Huyu alimfundisha mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Viunzi ni vizuizi vinavyosimamishwa njiani. Vyote ni 10, na kimo cha kila kimoja ni sentimita 91. Mwaka 1970, katika michezo ya Edinburgh, Akii-Bua alikuwa wa nne. Hakukata tamaa. Alivaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi, akafanya mazoezi nayo. Mwili mzito wahitaji nguvu nyingi ili uende mbio. Basi miguu iliyozoea mzigo huona wepesi siku mzigo ukiondolewa.

Tena alijifunza kupita karibu na kiunzi, asiruke juu mno. Kwa maana mtu akiwa hewani hawezi kusukuma ardhi kwa mguu, na asipoisukuma haongezi mwendo. Arukaye juu mno hukawia kushuka.

Mwaka 1972 michezo ya Olimpiki ilifanyika Munich, Ujerumani. Tarehe 2 Septemba watu 8 waliingia mbio za mwisho. Kura ilimpa Akii-Bua njia ya kwanza, iliyo ya ndani kabisa. Wakimbiaji wengi hawaipendi. Kwa nini?

Nenda mahali pasipo na watu, ufunge jiwe dogo kwa kamba, ulizungushe. Utasikia kamba inavuta mkono. Ukiiachilia, jiwe halizunguki tena, laenda moja kwa moja. Kila kitu kiendacho hufuata njia iliyonyoka, mpaka nguvu nyingine ikigeuze. Ndiyo sababu mwenye pikipiki, akifika penye kona, huinama upande wa ndani. Mkimbiaji naye hufanya vivyo hivyo. Mguu wake husukuma ardhi kwa nje, nayo ardhi humsukuma yeye kwa ndani. Kona ikiwa kali, nguvu hiyo lazima iwe kubwa zaidi. Na kona ya njia ya ndani ni kali kuliko zote. Hivyo Akii-Bua alipaswa kutumia nguvu nyingi kwa kugeuka tu, kuliko wenzake wote, na huku viunzi vinamngoja.

Bunduki ikalia. Mwingereza David Hemery, mshindi wa mwaka 1968, alianza kwa kasi kubwa. Lakini Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wa kuume au wa kushoto penye kiunzi, wala hakupoteza mwendo. Kona zikaisha, na katika mita za mwisho hapakuwa na mtu mbele yake. Alifika kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna mtu ye yote aliyemaliza mbio hizo chini ya sekunde 48. Alikuwa Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Kwa furaha akauzunguka uwanja akiruka viunzi visivyokuwapo.

Baadaye aliona taabu. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda mojawapo, zilisusia Olimpiki ya Montreal, asiweze kushindana. Mwaka 1979, wakati wa vita, alikimbilia Kenya na jamaa yake, kisha akaenda Ujerumani. Mwishowe alirudi kwao akafundisha vijana. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, mwenye umri wa miaka 47.

Sheria ya kona haimpendelei mtu, awe tajiri au maskini. Akii-Bua hakuweza kuibadili njia aliyopewa, lakini miguu yake alikuwa ameitayarisha siku nyingi.

Maswali
1. Kwa nini si vema kuruka kiunzi juu mno?
2. Jiwe huenda wapi ukiiachilia kamba?
3. Kwa nini njia ya ndani ni ngumu?
4. Fulana nzito ilimsaidiaje Akii-Bua?