Malesherbes: Kabaila Aliyemtetea Mfalme Siku ya Dhiki

Miongoni mwa koo za makabaila wa Ufaransa ya kale, ukoo wa Lamoignon ulipata sifa kwa sheria zaidi kuliko kwa upanga. Kizazi baada ya kizazi, wana wake walishika vyeo vikuu katika mahakama za mfalme. Katika ukoo huo, mjini Paris, alizaliwa Guillaume-Chrétien de Lamoignon de Malesherbes tarehe 6 Desemba 1721.

Mwaka 1750 baba yake aliteuliwa kuwa Chansela, yaani mkuu wa sheria katika ufalme. Naye Malesherbes akakabidhiwa kazi mbili: urais wa mahakama kuu ya kodi mjini Paris, na usimamizi wa uchapaji wa vitabu. Zama hizo serikali ilikagua vitabu kabla ya kuchapwa. Hata hivyo, mkaguzi huyu alikuwa rafiki wa elimu. Mwaka 1752, ilipoamriwa kwamba karatasi za Ensaiklopedia ya Diderot zikamatwe, yasemekana yeye mwenyewe alimwonya Diderot, kisha akazificha nyumbani kwake.

Katika mahakama yake alipinga waziwazi kodi zilizowaelemea raia na desturi ya kuwafunga watu bila kuwahukumu. Mwaka 1771 Mfalme Louis wa Kumi na Tano alichoshwa na lawama hizo. Mahakama ikavunjwa, na Malesherbes akahamishiwa shambani kwake. Huko akajishughulisha na miti na mimea, elimu aliyoipenda mno.

Louis wa Kumi na Sita alimrudisha, na mwaka 1775 akamfanya waziri. Mwaka uliofuata alijiuzulu, kwa kuwa mageuzi aliyoyataka yalipingwa. Alirejea serikalini mwaka 1787, akasaidia kupatikana kwa amri iliyowapa Waprotestanti haki ya ndoa zao kutambuliwa na sheria.

Mapinduzi yalizuka mwaka 1789. Desemba 1792 mfalme aliposhtakiwa, wengi waliokula naye walikuwa wamekwisha kimbia. Malesherbes, mzee wa miaka 71, ambaye hapo awali alimkosoa, aliomba kwa hiari yake kuwa mtetezi wake. Pamoja na Tronchet na de Sèze alifanya kazi hiyo, lakini mfalme aliuawa tarehe 21 Januari 1793.

Uaminifu huo ulilipwa kwa damu. Malesherbes alikamatwa Desemba mwaka huo pamoja na jamaa zake. Tarehe 22 Aprili 1794 alikatwa kichwa, siku moja na binti yake, mjukuu wake na mume wa mjukuu huyo.

Mjukuu mwingine, Louise, aliponea gerezani hadi utawala wa vitisho ulipoanguka Julai 1794. Mwanawe, Alexis de Tocqueville, aliyezaliwa mwaka 1805, ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya demokrasia ya Marekani.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Malesherbes alimwambia mfalme ukweli alipokuwa na nguvu, wala hakumtupa alipoanguka.