Imamu Ghazali na Kazi Aliyoiacha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wengi walijua jina la Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, na kitabu chake Ihyau Ulumid-Din kimesomeshwa katika darasa za pwani yetu kwa miaka mingi. Lakini si wengi wanaojua kwamba Imamu huyu aliandika mwenyewe khabari za nafsi yake katika kitabu kidogo kiitwacho Al-Munqidh minadh-Dhalal. Humo aliipima kazi yake kama mfanyabiashara apimavyo mali yake, wala hakujipunja wala hakujipendelea.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058). Baba yake alikufa naye yungali mdogo, akalelewa pamoja na ndugu yake Ahmad. Imepokewa kwamba alipokuwa akirejea kwao kutoka Jurjan alikosoma, wanyang'anyi walimvamia njiani wakamchukulia mfuko wa daftari zake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrejeshee, kwani ndizo ilimu yake. Yule mnyang'anyi akamcheka, akamwuliza ni ilimu gani hiyo ambayo mwizi aweza kuichukua, mwenyewe akabaki hana kitu. Alirejeshewa daftari zake, lakini neno lile lilimchoma. Akakaa miaka mitatu kuyahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika.

Kisha akaenda Naisaburi kusoma kwa Imamul-Haramain Al-Juwaini. Alipokufa mwalimu wake mwaka 478 (1085), Ghazali akaenda kwa waziri Nidhamul-Mulk, na mwaka 484 (1091) waziri akamfanya mwalimu wa Madrasa Nidhamiya ya Baghdad. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini na mitatu. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi mia tatu, na mawaziri na watu wa dola walimheshimu. Katika nyakati alizozipata baina ya kusomesha na kuandika, alizisoma falsafa peke yake bila mwalimu muda usiotimia miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akizifikiri, ndipo akawajibu wanafalsafa.

Basi mtu huyu, aliyefika pale ambapo kila mwanachuoni angetamani kufika, alikaa akaiangalia kazi yake. Hakuuliza kama kazi ni njema, kwani kusomesha ni kazi njema. Aliuliza ni nani anayemfanyia. Akaona kwamba nia yake haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kilichomsukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa jina. Akajiona amesimama ukingoni mwa shimo.

Kuanzia Rajabu mwaka 488 (1095) alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azima ikavunjika. Nafsi ikimwambia kwamba hii ni hali ya kupita, na kwamba akikiacha cheo hiki huenda asikipate tena. Mwisho ulimi wake ukafungwa. Akitaka kusomesha hata siku moja ili kuzifurahisha nyoyo za wanafunzi, neno halitoki. Chakula kikawa hakishuki, na matabibu wakasema kwamba maradhi yameanzia moyoni.

Akamwomba Mola wake, naye akamsahilishia kuiacha jaha na mali. Akatoa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake, akaondoka Baghdad mwezi wa Mfungo Pili, Dhul-Qaada. Watu wa Iraki walistaajabu. Hapakuwa na aliyeweza kudhani kwamba ameondoka kwa ajili ya dini, kwani wao walikiona cheo kile ndicho kilele cha dini. Neno hili, ndugu msomaji, lifikiri vizuri.

Alikaa Sham karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti wa Dimishki. Akaenda Baitul-Maqdis, na huko Al-Khalil akaweka nadhiri ya kutochukua mali ya masultani, kutokwenda milangoni mwao, na kutoshindana kwa majadiliano. Akahiji, kisha mapenzi ya watoto yakamrejesha kwao. Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihya, yenye vitabu arubaini. Maulamaa wamezichungua Hadithi zake, na Hafidh Al-Iraqi amezibainisha zilizo sahihi na zilizo dhaifu. Na hivyo ndivyo ipasavyo, kwani kumpenda Imamu si kufumba macho.

Mwaka 499 (1106), baada ya miaka kumi na mmoja, aliitwa kusomesha Naisaburi. Hapo akaipima nafsi yake mara ya pili, akaona kwamba hata kukaa faragha kwaweza kuwa uvivu, na kutaka raha, na kuikinga nafsi na maudhi ya watu. Akakubali. Kwa macho ya watu amerudia kazi ile ile. Yeye mwenyewe alijua kwamba hakurudi, kwani zamani alisomesha ilimu ya kutafutia cheo, na sasa anasomesha ilimu ya kuachia cheo.

Baadaye akarejea Tus, akawa na madrasa karibu na nyumba yake. Alikufa Jumadal-Akhir mwaka 505 (Disemba 1111), umri wake miaka hamsini na mitano kwa hesabu ya Hijra.

Yatupasa sisi tusomeshao, na wasimamizi wa misikiti na madrasa, na kila mwenye kazi ya watu, tujiulize kama alivyojiuliza yeye. Tungeifanya kazi hii lau majina yetu yasingetajwa? Twagombea kiti cha mbele kwa ajili ya dini au kwa ajili ya kiti? Wala asiseme mtu kwamba dawa ni kuiacha kazi akae nyumbani, kwani Imamu aliiacha kazi kisha akairudia. Alichokiacha moja kwa moja ni nia mbovu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na azitakase nia zetu. Amin.