Henry Le Chatelier, Mzee wa Msawazo

Ukitaka kumwona mwanafunzi wa kidato cha nne akikunja uso, mtajie Le Chatelier. Wengine humwita Le Katelia, wengine Le Chatelaya, na wako wanaodhani hilo ni jina la kemikali fulani iliyofungiwa kabatini. Jina lenyewe hutamkwa karibu na Le Shatelie, na mwenyewe alikuwa mtu kama sisi: Mfaransa, mhandisi wa migodi, mwalimu, baba wa watoto saba. Kanuni yake tunaikariri kila mwaka kabla ya mtihani wa KCSE, lakini maisha yake hatuyajui. Basi Chama cha Kiswahili kimeona afadhali kimlete kwenye kurasa hizi, tena kwa lugha yetu, tuone kama hataeleweka.

Henry Louis Le Chatelier alizaliwa jijini Paris tarehe 8 Oktoba 1850, kifungua mimba wa Louis Le Chatelier na mkewe Louise. Baba alikuwa mhandisi mkubwa wa serikali, mtu wa reli na madini, naye alishiriki katika kuanzisha utengenezaji wa alumini nchini Ufaransa. Mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya tanuri na vyuma, na kijana alipata bahati ya kuingia katika maabara ya mwanakemia Sainte-Claire Deville, rafiki wa baba yake. Mama naye alikuwa mkali wa nidhamu, na mwanawe akakua akipenda utaratibu. Mwaka 1869 alijiunga na chuo mashuhuri cha École Polytechnique, lakini hata kabla hajazoea dawati lake vita vya Ufaransa na Prussia vikalipuka. Paris ilipozingirwa alikuwa amevaa sare ya luteni. Vita vilipokwisha mwaka 1871 aliingia Chuo cha Migodi, akahitimu, akafanya kazi ya uhandisi kwa muda mfupi, akamwoa Geneviève Nicolas mwaka 1876, na mwaka 1877 chuo hichohicho kikamwita arudi kufundisha kemia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Huyu hakuwa mtu wa kukaa na vitabu akingoja wazo limshukie. Alifuata shida za watu. Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakiuawa na milipuko ya gesi chini ya ardhi, naye pamoja na mwenzake Mallard wakachunguza jinsi moto unavyosafiri ndani ya gesi na baruti ipi ni salama zaidi migodini. Wenye viwanda hawakuwa na njia ya kuaminika ya kupima joto la tanuri kali, akawatengenezea kipimajoto cha nyaya mbili, moja ya platini tupu na nyingine ya platini iliyochanganywa na rodi. Mwaka 1887 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa saruji: ni nini hasa kinachofanya unga ule ugeuke jiwe ukikutana na maji? Alionyesha kwamba saruji haikauki kama tope linavyokauka, bali inamenyuka na maji na kuunda fuwele zinazoshikana. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi yake huimwagilia zege maji kwa siku kadhaa badala ya kuiacha jua liichome. Na wale vijana wa jua kali wanaochomelea vyuma kwa gesi? Mwaka 1895 ni huyuhuyu mzee aliyeeleza kwamba asetilini ikichomwa pamoja na oksijeni hutoa mwali unaozidi nyuzi 3000 za selisiasi. Kumbe tulikuwa tukipita kando ya kazi yake kila siku tukienda mjini.

Lakini jina lake limebaki kwa sababu ya jambo alilochapisha mwaka 1884, na hapa naomba tutulie kidogo.

Mimenyuko mingi ya kikemikali huenda mbele na kurudi nyuma. Vitu A na B vinaungana kuwa C, na wakati huohuo C inavunjika kuwa A na B tena. Kasi ya kwenda ikilingana na kasi ya kurudi, tunasema mmenyuko umefikia msawazo. Wengi wetu tunakosea papa hapa, tukidhani msawazo ni kusimama. Tunafikiria mafahali wawili wa Shinyalu waliofungana pembe, hakuna anayesogea. Hao nguvu zao zimelingana, sawa, lakini huo si msawazo wa kemia. Afadhali fikiria soko la Kakamega saa za mchana. Watu wanaingia, watu wanatoka, na idadi ya walio ndani haibadiliki ingawa nyuso zinabadilika kila dakika. Sasa yakifika malori mawili yaliyojaa watu kutoka Butere, soko litafurika, wanaotoka watazidi wanaoingia, na umati utapungua kidogo kidogo mpaka msawazo mpya upatikane. Hautarudi kuwa sawasawa na ule wa kwanza, lakini kero itakuwa imepunguzwa.

Hiyo ndiyo kanuni ya Le Chatelier. Ukiusumbua mfumo ulio katika msawazo, kwa kubadilisha joto, shinikizo au kiasi cha vitu vilivyomo, mfumo huelekea upande unaoupunguza usumbufu huo. Haki itendeke: mwaka uohuo wa 1884 Mholanzi van 't Hoff alikuwa ameshaeleza habari ya joto. Le Chatelier aliipanua ikahusu mambo mengine pia, na mwaka 1888 akaieleza kwa maneno mepesi zaidi. Mmarekani Gibbs naye alikuwa ametangulia kwa hesabu nzito ambazo wachache walizisoma. Le Chatelier hakuona wivu. Alizitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1899 ili wenzake wazipate.

Sasa, jambo kama hili linafundishwaje? Wilaya ya Kakamega ilikuwa mojawapo ya wilaya tisa za majaribio mwaka 1998, mradi wa SMASSE wa serikali ya Kenya na Japani ulipoanza kuwahimiza walimu wa hisabati na sayansi waache kuhubiri ubaoni, wanafunzi washike vitu kwa mikono yao. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu, na tangu hapo video fupi za dakika mbili tatu zimekuwa jambo la kawaida katika masomo ya kemia. Kwa msawazo zinafaa mno. Gesi ya kahawia ya naitrojeni dioksaidi ni sumu, wala si shule nyingi zenye kabati la kuvutia hewa chafu. Katika video unaiona imefungwa ndani ya mirija ya kioo: ukiutia mrija mmoja katika maji moto rangi inakolea, ukiutia mwingine katika barafu inapauka.

Iko na ile ya bomba la sindano, nayo ndiyo tamu zaidi. Gesi ikibanwa, rangi inakolea kwanza, kwa kuwa imesongamana mahali padogo, kisha inafifia kidogo molekuli zinapoungana mbili mbili kuwa gesi isiyo na rangi. Aliyepepesa macho ataona kukolea tu na kuandika jibu la kinyume. Video unaweza kuirudisha nyuma hata mara kumi. Lakini nayo ina udanganyifu wake: rangi ikitulia, mtazamaji anaamini kazi imekwisha, kwa maana kule kwenda na kurudi kwa molekuli hakuna kamera iliyokuonyesha. Kwa maoni yangu mwalimu bora ni yule anayeisimamisha video kabla sindano haijabanwa, akataka kila mtu aandike kitakachotokea na sababu yake. Kanuni yenyewe iliandikwa kwa ajili ya kubashiri, si kwa kukaririwa.

Turudi kwa mzee wetu. Kama kuna mtu aliyepaswa kufaidika na kanuni hiyo ni yeye mwenyewe. Naitrojeni iko tele hewani, na ikiungana na haidrojeni hutoa amonia, mama wa mbolea. Sehemu nne za gesi huwa mbili, na joto hutolewa. Basi kwa mujibu wa kanuni, shinikizo kubwa litausukuma mmenyuko mbele, huku joto likizidi litaurudisha nyuma. Mwaka 1901 Le Chatelier alijaribu, kwa shinikizo la takriban mara 200 ya hewa ya kawaida na chuma kama kichocheo. Kifaa kikalipuka, nusura kimuue msaidizi wake. Baadaye iligunduliwa kwamba ndani mlikuwa mmebaki hewa, na oksijeni yake ikakutana na haidrojeni. Le Chatelier aliliacha jambo hilo. Mjerumani Fritz Haber akalishika, akalifanikisha mbele ya wakubwa wa kampuni ya BASF mwaka 1909, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kutoa amonia. Haber alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, Le Chatelier hakuipata kamwe. Uzeeni aliihesabu siku ile ya mlipuko kuwa kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake ya kisayansi. Mimi simlaumu. Msaidizi alikuwa hai, na hiyo si hesabu ndogo.

Tena amonia hiyo ilikuwa na sura mbili. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani walizuiwa baharini wasipate chumvi ya naitreti ya Chile, lakini waliweza kuigeuza amonia kuwa asidi ya naitriki, na asidi kuwa baruti. Vita vikarefuka. Hata huku kwetu vijana wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na wengi hawakurudi. Le Chatelier alikuwa akiisaidia serikali yake katika utengenezaji wa silaha, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na mikono mitupu. Leo mkulima wa Lurambi anayepanda mahindi kwa DAP na kuyaongezea CAN yanapofika magotini anatumia amonia ileile. Shamba linashiba, ingawa mbolea za namna hiyo zikitiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa huzidisha asidi ya udongo, jambo ambalo wazee wengi hapa wameligundua kwa mavuno.

Darasani Le Chatelier alipigana na desturi ya kufundisha kemia kama orodha ndefu ya dutu na rangi zake. Alitaka sheria chache za jumla, na vipimo. Alifundisha hivyo Chuo cha Migodi, kisha Collège de France, na tangu 1907 Chuo Kikuu cha Paris.

Alifariki tarehe 17 Septemba 1936 huko Miribel-les-Échelles, chini ya milima ya Alpi, mwaka wa 60 wa ndoa yake. Haber alikuwa amemtangulia, Januari 1934, katika mji wa Basel nchini Uswisi, akiwa ameiacha nchi yake baada ya Wanazi kutwaa serikali, kwa kuwa alizaliwa Myahudi.