Sardauna aliyebaki Kaduna

Wapo wanasiasa ambao uongozi wa jimbo kwao ni ngazi tu ya kupandia Ikulu. Marehemu Ahmadu Bello, Sardauna wa Sokoto, hakuwa wa aina hiyo. Mwaka 1959 chama chake cha NPC kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote Nigeria. Yeye alimwachia makamu wake, Abubakar Tafawa Balewa, uwaziri mkuu wa nchi kule Lagos, akabaki Kaduna kuongoza Jimbo la Kaskazini.

Alizaliwa Rabah mwaka 1910 katika ukoo wa Sheikh Uthman dan Fodio. Ukoo haukumlinda. Mwaka 1938 aliukosa Usultani, na mwaka 1943 mahakama ya Sultani ilimtia hatiani kwa madai ya kula kodi ya ng'ombe. Alikata rufaa, akashinda. Miaka sita baadaye akaingia Baraza la Jimbo, na mwaka 1954 akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

Kaskazini ilikuwa nyuma kielimu, ndiyo maana chuo kikuu cha Zaria kilichofunguliwa mwaka 1962 kilimshughulisha sana. Lakini katika ajira alikosea. Alitanguliza mtu wa Kaskazini, akafuata mzungu wa mkataba, Mnigeria wa Kusini akawa wa mwisho, hata angekuwa Mwislamu mwenzake wa Ibadan!

Usiku wa kuamkia Januari 15, 1966, wanajeshi waasi walimuua nyumbani kwake Kaduna, pamoja na mkewe Hafsatu. Balewa naye aliuawa katika mapinduzi hayo hayo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.